Kutenga chumvi, mchanga na chuma mpaka mizani ikubali: mwongozo kamili kwa maabara za Arusha na Moshi

Ukichanganya gramu 2 za unga wa chuma, gramu 10 za mchanga na gramu 5 za chumvi, unapata gramu 17. Ukivitenga tena, jumla inatakiwa irudi hapo hapo. Wanafunzi wengi, hata wale wanaozijua hatua zote kwa kichwa, wanaishia na gramu 19, au na 15 na nusu, halafu wanaandika kwenye ripoti kwamba jaribio limefaulu kwa sababu kila kitu kiko kwenye chombo chake.

Halijafaulu. Kutenga ni kutenga kwa kipimo. Hatua moja ikiachwa bila kuhakikishwa, kosa lake linahamia hatua inayofuata, na mwishoni huwezi tena kujua liliingilia wapi. Ndiyo maana hapa kila hatua ina alama ya kuonyesha kwamba imekamilika. Usivuke mbele kabla hujaiona alama hiyo.

## Vitu vya kuandaa

Kwa mchanganyiko wa chumvi, mchanga na chuma:

- Mizani inayosoma hadi gramu 0.1, ikisoma hadi 0.01 ni bora zaidi
- Sumaku yenye nguvu. Ya spika mbovu kutoka kwa fundi redio inatosha
- Mfuko mwembamba wa plastiki wa kuivika sumaku
- Bika mbili za mililita 100, kijiti cha kioo, funeli na karatasi za kuchujia
- Kibakuli cha kauri cha kuvukizia, koleo, wavu na tripodi
- Kichomeo cha gesi au taa ya spiriti
- Miwani ya kukinga macho
- Maji safi yasiyo na madini

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Maji ya bomba na visima vya ukanda huu yamepita kwenye miamba ya volkano na yamebeba madini. Tuseme maji yako yana miligramu 500 za madini kwa lita. Ukitumia mililita 40, yataacha miligramu 20 ndani ya kibakuli. Mizani ya 0.1 haitaziona, lakini ya 0.01 itaziona, nawe utadhani ni chumvi. Maji ya mvua yanafaa sana, mradi uyakinge baada ya mvua kuliosha bati kwa dakika kadhaa. Maji ya betri ya dukani yanafaa pia, lakini soma lebo kwa makini: jina hilo hilo watu hulitumia kwa asidi ya betri, ambayo inaunguza ngozi na kupofusha macho. Lebo ikitaja asidi, au chupa ikiwa haina lebo kabisa, usiiguse.

## Maandalizi ambayo karibu kila mtu anayaruka

Mchanga. Mchanga wa mito inayoshuka Mlima Meru na Kilimanjaro ni wa asili ya volkano, na ndani yake zimo chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku. Ukiuchota mtoni na kuutumia hivyo hivyo, sumaku itatoa chuma kingi kuliko ulichoweka. Hiki ndicho chanzo cha majibu mengi ya "gramu 3 za chuma" ninayoonyeshwa.

Osha mchanga kwenye ndoo, koroga, mwaga maji machafu, rudia mpaka maji yabaki meupe. Tope likibaki litaziba karatasi ya kuchujia baadaye. Kausha kabisa. Kisha utandaze mwembamba kwenye karatasi na upitishe sumaku mara nyingi, mpaka isinase hata chembe moja. Sasa ndipo upime gramu 10.

Unga wa chuma. Chukua unaodondoka kwenye tupa au msumeno wa mkono. Vumbi la grainda halifai: zile cheche ni chuma kinachoungua, kwa hiyo sehemu kubwa ya unachokusanya si chuma tena. Kama unga una mafuta, uoshe kwa sabuni, usuuze na uukaushe upesi kabla haujashika kutu.

Chumvi. Tumia ya unga, ya mezani. Chumvi hunyonya unyevu hewani, hasa wakati wa masika, kwa hiyo ipashe moto kwenye kibakuli kwa dakika kumi, iache ipoe, ndipo upime gramu 5. Ukipima chumvi yenye maji mwanzoni, mwishoni utatafuta gramu ambazo hazikuwepo.

Pima pia karatasi kavu ya kuchujia na kibakuli kitupu, na uandike namba zake. Usizitegemee kumbukumbu.

## Hatua ya 1: Toa chuma kwa sumaku

Tandaza mchanganyiko mkavu kwenye karatasi nyeupe. Vika sumaku mfuko wa plastiki, ipitishe juu juu bila kugusa, kisha ishushe taratibu. Ipeleke juu ya karatasi nyingine na uivue mfuko. Chuma kitadondoka chenyewe. Bila mfuko utakuwa unakwangua sumaku kwa kucha, na chembe nyingine hazitatoka.

Kwa nini tuanze na chuma? Kwa sababu hatua inayofuata ina maji. Chuma kikikutana na maji ya chumvi kinaanza kushika kutu, kutu ina uzito wake, na inautia mchanga rangi ya kahawia.

Mara ya kwanza chuma kitatoka na punje za mchanga na chumvi zilizonaswa katikati yake. Kitandaze tena, kigongegonge, na upitishe sumaku upya. Punje zilizobaki kwenye karatasi zirudishe kwenye mchanganyiko.

*Alama ya kufaulu:* sumaku inapita juu ya mchanganyiko na kurudi tupu, na chuma kikitazamwa karibu hakina punje nyeupe. Mizani inasoma kati ya gramu 1.9 na 2.0.

## Hatua ya 2: Yeyusha chumvi

Weka mchanganyiko uliobaki kwenye bika, ongeza mililita 25 za maji, pasha moto kidogo na ukoroge kwa dakika tatu hadi tano.

Kwa nini 25 na si 100? Gramu 100 za maji kwenye joto la kawaida zinayeyusha takriban gramu 36 za chumvi. Gramu zako 5 zingeyeyuka hata kwenye mililita 15. Maji ya ziada hayakusaidii kitu. Utayalipia baadaye kwa gesi na muda utakapoyavukiza.

Moto hapa ni wa kuharakisha tu. Chumvi ya mezani ina tabia ya pekee: uyeyukaji wake hauongezeki sana maji yakipata moto. Hata kwenye nyuzi 100 ni gramu 39 hivi. Kumbuka jambo hili, litarudi.

*Alama ya kufaulu:* ukikoroga, unasikia na kuona mchanga tu ukikwaruza chini. Hakuna punje nyeupe.

## Hatua ya 3: Chuja

Kunja karatasi ya duara nusu, kisha nusu tena. Ifungue iwe na umbo la pia (koni), upande mmoja tabaka tatu, upande wa pili tabaka moja. Iweke kwenye funeli na uiloweshe kwa maji kidogo ili ishikane na kuta zake. Ikiacha nafasi ya hewa, maji yatapita polepole mno.

Shina la funeli liguse ukuta wa bika ya chini. Maji yatateremka ukutani bila kurukaruka.

Acha mchanganyiko utulie kwa dakika mbili. Mimina kwanza maji ya juu, yakifuata kijiti cha kioo, yaangukie upande wenye tabaka tatu. Mchanga uje mwisho. Ukiumwaga wote kwa mara moja utaziba vitundu vya karatasi, na hapo ndipo watu hukosa subira na kuanza kuchokoa kwa kijiti mpaka karatasi inachanika. Ikichanika, badilisha karatasi na uchuje upya maji yote.

Maji yabaki angalau sentimita moja chini ya ukingo wa karatasi. Yakipita juu yake yatashuka nyuma ya karatasi pamoja na mchanga.

Karatasi za kuchujia kahawa zinaweza kutumika zile za maabara zikikosekana. Zina vitundu vikubwa zaidi, kwa hiyo weka mbili.

*Alama ya kufaulu:* maji yaliyochujwa yanang'aa. Ukiyainua kwenye mwanga huoni ukungu wala chembe.

## Hatua ya 4: Suuza mchanga

Hatua hii inaonekana ndogo, na ndiyo inayoharibu hesabu za wengi.

Gramu 10 za mchanga mbichi, pamoja na karatasi, zinaweza kushikilia kama mililita 3 za maji. Maji yako yana gramu 0.2 za chumvi katika kila mililita, kwa hiyo gramu 0.6 za chumvi zimejificha kwenye mchanga. Zikikaukia humo, mchanga unazidi na chumvi inapungua.

Una mililita 15 za maji ya kusuuzia. Ukizimwaga zote kwa pamoja, inabaki sehemu 3 kati ya 18, yaani gramu 0.1. Ukizigawa mara tatu, mililita 5 kila mara, na kuacha zitiririke zote kabla ya kumwaga tena, inabaki takriban gramu 0.03. Maji ni yale yale, chumvi inayopotea ni chini ya theluthi. Fuata mara tatu.

Maji ya kusuuzia yakusanye kwenye bika ile ile ya maji yaliyochujwa. Usiyamwage, ndani yake imo chumvi yako.

*Alama ya kufaulu:* kinga tone la mwisho kwenye kipande cha kioo safi, weka pembeni tone la maji yako ambayo hayajatumika, na uyakaushe yote mawili. Madoa yakifanana, mchanga umesafika. Ulinganisho huu ni wa lazima, kwa sababu kama umetumia maji ya bomba, hata tone lisilotumika litaacha doa. Maabara yenye nitrati ya fedha inaweza kudondoshea tone moja kwenye maji ya mwisho: yakigeuka meupe kama maziwa, suuza tena. Lakini kwanza ijaribu kwenye maji yasiyotumika.

## Hatua ya 5: Kausha mchanga

Oveni ya nyuzi 105 hadi 110 ndiyo bora. Kama haipo, tandaza karatasi na mchanga wake kwenye sinia juani, mahali pasipo na upepo wa kupeperusha.

Mchanga hudanganya: juu mkavu, ndani mbichi. Kausha, poza, pima. Kausha tena dakika kumi, poza, pima. Endelea mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vilingane. Hakuna njia ya mkato hapa.

Na usipime kitu cha moto. Hewa iliyopata joto hupanda na kuvuruga sahani ya mizani, namba inasoma pungufu.

*Alama ya kufaulu:* vipimo viwili sawa. Toa uzito wa karatasi, ubaki na gramu 9.9 hadi 10.1.

## Hatua ya 6: Vukiza maji, ubaki na chumvi

Vaa miwani sasa, kama ulikuwa umeivua.

Jaza kibakuli nusu tu, na uongeze maji mengine kadiri yanavyopungua. Moto uwe wa wastani. Fuwele za kwanza zikianza kujitokeza pembeni, punguza moto mara moja na uhamishie kibakuli juu ya bika yenye maji yanayochemka.

Sababu ni hii: fuwele za chumvi hufungia matone ya maji ndani yake. Moto ukiwa mkali, maji hayo yanageuka mvuke ghafla, fuwele inapasuka na kuruka. Inaweza kuingia jichoni, na kila inayoruka ni sehemu ya gramu zako 5. Wale wanaopata gramu 4 karibu wote wamepotezea hapa.

Wengine wanajaribu kuyapoza maji ya chumvi wakisubiri fuwele, kwa sababu wameona hivyo kwenye mrututu (salfeti ya shaba, ile yenye fuwele za bluu). Haitokei. Rudi kwenye zile namba: gramu 36 kwenye joto la kawaida, 39 kwenye nyuzi 100. Kupoza hakutoi karibu chochote; lazima maji yenyewe yaondoke.

Chumvi ikionekana kavu, bado ina unyevu. Juu ya maji yanayochemka haitakauka kabisa, hasa Arusha ambako maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Malizia kwenye oveni ya nyuzi 110, au juu ya moto mdogo huku kibakuli kimefunikwa kwa funeli iliyopinduliwa. Rudia mtindo wa kupoza na kupima mpaka namba isimame.

*Alama ya kufaulu:* chumvi nyeupe, inamwagika bila kuganda, kipimo hakibadiliki, kati ya gramu 4.8 na 5.0. Usiionje. Chombo cha maabara hakijulikani kilibeba nini jana.

## Namba zikikataa

Chuma kimezidi: mchanga haukupitishwa sumaku mapema, au hukukipitisha mara ya pili. Mchanga umezidi na chumvi imepungua kwa kiasi kile kile: hukusuuza vizuri. Chumvi imepungua peke yake: iliruka. Vyote viwili vimezidi, mchanga na chumvi: ni maji, rudi ukakaushe. Jumla ya gramu 16.6 hadi 17.1 ni kazi nzuri. Ikitoka 17.0 kamili, bado angalia kila kimoja peke yake, kwa maana makosa mawili yanaweza kufichana.

## Ukihitaji maji yenyewe: ukenekaji

Katika hatua ya 6 maji yamepotelea hewani. Ukiyataka, unauongoza mvuke upite kwenye kondensa (bomba la kioo linalopozwa kwa maji) upoe.

1. Weka mililita 100 za maji ya chumvi kwenye flaski ya mililita 250 na uyatie rangi kwa matone ya wino wa bluu. Rangi ndiyo shahidi: ikitokea upande wa pili, maji ya flaski yamevuka yenyewe bila kugeuka mvuke.
2. Tia vipande vichache vya chungu kilichovunjika, kisichopakwa rangi. Vinafanya maji yachemke kwa utulivu. Ukivisahau, zima moto na usubiri yapoe. Ukivitupa kwenye maji ya moto yatafoka.
3. Tufe la chini la kipimajoto likae usawa wa mdomo wa bomba la pembeni. Likizama kwenye maji linapima maji, si mvuke.
4. Maji ya kupozea yaingie chini ya kondensa na kutokea juu. Kwa njia hii kondensa hujaa yote. Maji ya bomba yakikatika, ndoo iliyowekwa juu ya kabati na mpira mwembamba vinatosha.
5. Chombo cha kupokelea kisizibwe. Mfumo uliofungwa pande zote hupasuka.
6. Pasha moto mpaka upate karibu tone moja kwa sekunde. Mwaga matone ya kwanza. Zima kabla flaski haijakauka, kioo kikavu juu ya moto hupasuka.

Sasa kuhusu kipimajoto. Kitasoma karibu nyuzi 95 Arusha na karibu 97 Moshi, na hakijaharibika. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango hicho kinashuka kama nyuzi moja; Arusha mjini iko karibu mita 1,400, Moshi kati ya 800 na 900. Andika ulichokiona. Anayeandika 100 akiwa Arusha amenakili kitabu, hajapima.

Kuna jambo ningependa kila mwanafunzi wa huku aende nalo nyumbani. Maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kwenye maji, na ndiyo inayoacha meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kunaiongezea nguvu, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Karatasi ya kuchujia nayo haiioni, kwa kuwa imeyeyuka kama chumvi ilivyoyeyuka. Ukenekaji unaiacha kwenye flaski. Aliyefanya hatua ya 3 na hii kwa mikono yake anaweza kumweleza mama yake kwa nini sufuria inayochemka inaua vijidudu lakini haiyaokoi meno ya mtoto.

Usikeneke pombe, iwe mbege au nyingine yoyote. Mvuke wake hushika moto, na kupika gongo bila leseni ni kosa kisheria.

## Wino: kromatografia ya karatasi

Njia hii hutenga rangi zilizochanganywa ndani ya wino. Kata karatasi ya kuchujia yenye urefu wa sentimita 12. Chora mstari kwa penseli sentimita 2 kutoka chini. Kalamu ya wino haifai, mstari wenyewe utapanda. Weka doa la wino wa kalamu nyeusi ya majimaji lenye upana wa milimita 2 au 3; likauke, uliongezee, likauke tena. Doa kubwa huleta rangi zilizopakana.

Ning'iniza karatasi kwenye glasi yenye maji ya sentimita 1. Maji ya kwenye glasi yakiwa juu ya mstari tangu mwanzo, doa linayeyukia kwenye glasi na kazi imekwisha. Funika, usitikise. Maji yanayopanda kwenye karatasi yakibakisha sentimita moja kufika juu, toa na uweke alama hapo hapo kwa penseli, kwa sababu yakikauka hutaona yaliishia wapi.

Gawanya umbali wa rangi kwa umbali wa maji, vyote kutoka mstarini: rangi ikipanda sentimita 4.5 na maji 9.0, unapata 0.50. Linganisha wino mbili kwenye karatasi moja. Wino wa biro haupandi kwa maji. Tumia spiriti, mbali na moto wowote.

## Mafuta na maji

Mimina mchanganyiko wa mafuta ya alizeti na maji kwenye funeli yenye koki, subiri tabaka mbili zitengane, alizeti juu na maji chini. Ondoa kizibo kabla ya kufungua koki, la sivyo maji hayatoki. Funga koki pale mstari unaotenga mafuta na maji unapoikaribia. Sehemu ya katikati iweke kando. Funeli ikikosekana, sirinji yenye mpira mrefu itanyonya maji kutoka chini.

## Kuweka na kumwaga

Chuma kikavu kifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa. Mchanga uliosafishwa uhifadhi na uandike "umepitishwa sumaku", umwokolee kazi atakayefuata. Maji ya chumvi yanaweza kumwagwa kwenye sinki.

Mrututu haumwagwi. Shaba iliyomo ni sumu kwa samaki, na mitaro ya maabara nyingi inaishia mtoni, iwe Themi au Karanga. Maji yake yaweke kwenye chupa yenye lebo, na darasa linalofuata liyavukize nusu, liyapoze taratibu usiku kucha, na kupata fuwele zake za bluu upya. Zikaushwe kwa karatasi tu, bila moto, kwa sababu moto hutoa maji yaliyomo ndani ya fuwele na kuziacha unga mweupe.